Nani Achague Pabu

Jumapili moja asubuhi kaka yangu alinipigia simu kunialika Ayalandi. Hakuniuliza kama ningeweza kwenda. Aliniuliza ningependa tutembelee pabu zipi.

"Pabu?" nikasema. "Mimi?"

"Wewe. Usishtuke hivyo. Pabu za huku si kama zile baa ulizokuwa ukizipita mbio kule Tanga. Watu wanakwenda na mama zao. Mimi mwenyewe nakunywa chai mle, na hakuna aliyewahi kunicheka."

"Unakwenda baa kunywa chai."

"Nakwenda kukaa, bwana. Chai ni nauli tu."

Alikuwa ameishi katika mji mmoja mdogo wa pwani kule miaka mingi kuliko aliyoishi Tanga. Kabla ya hapo alikuwa hapa Johannesburg, na ndiye aliyenileta. Alinitafutia chumba Malvern, akanichagulia koti la baridi, akaniambia nishuke kituo gani na nisishuke kipi. Kisha akamwoa muuguzi wa Ayalandi aliyekutana naye Randburg, wakahamia kwao. Kule aliendesha mabasi ya mji mpaka figo zilipomchosha. Siku hizo alikuwa akienda hospitali kuunganishwa na mashine siku moja na kupumzika inayofuata, na katika siku za kupumzika alikuwa na saa chache za alasiri ambazo mwili ulimruhusu kutoka. Saa hizo ndizo alizotaka kunipa. Alisema waziwazi kwamba kabla miguu haijagoma kabisa alitaka nimwone akiwa mahali ambapo watu wanamjua.

"Chagua," akasema. "Ukishachagua nitajua uje lini. Nyingine hufungwa watalii wakiondoka, nyingine wapiga muziki wake wana majira yao. Chagua, halafu tupange."

Mimi natengeneza fremu za picha katika duka dogo la Jules Street. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini nina tabia ya kutoingia katika jambo nisilolijua kabla sijalisoma. Kwa hiyo nilianza na maana. Nilitaka kujua pabu ya jadi ni nini hasa, kwa sababu kila nyumba ya pombe katika mji ule ilijiita hivyo kwenye mtandao, hata ile yenye viti vya plastiki vya rangi ya machungwa.

Nilisoma jioni baada ya kufunga duka, na Jumamosi nilipokwenda Braamfontein kununua vioo nilipitia maktabani. Nilijifunza kwamba zamani, katika miji midogo ya kule, mtu mmoja aliuza sabuni, misumari na unga upande wa mbele, na upande wa nyuma akauza pombe, na kwamba nyumba chache bado zina rafu za duka lile hata kama hazina tena cha kuuza. Nilijifunza habari za kijichumba cha mbao kinachojengwa pembeni ya kaunta, chenye mlango wake, ambamo wanawake na mapadri walikaa wasionekane. Nilijifunza kwamba wanachoma udongo mkavu unaochimbwa kwenye vinamasi, mahali pa kuni, na kwamba wapiga muziki wa kweli hawapandi jukwaani bali huizunguka meza kama watu wanaokula.

Kisha nikazitazama picha. Katika kazi yangu mtu hujifunza kutazama kingo za picha kabla ya katikati, kwa sababu kingoni ndiko mpiga picha anakokata asichotaka kionekane. Pabu moja iliyosifiwa kwa utulivu wake ilikuwa na kioo cha kale ukutani, na ndani ya kioo kile niliona televisheni kubwa inayoonyesha mpira. Niliiondoa. Nyingine ilikuwa na vumbi zuri mno juu ya chupa. Vumbi lile lilipulizwa makusudi. Nayo niliiondoa.

Zikabaki nne. Moja ilikuwa na duka mbele. Moja ilikuwa bandarini, yenye muziki. Moja ilikuwa juu ya kilima, na bahari ilionekana dirishani. Ya nne ilikuwa kichochoroni, nyembamba kama korido, haina muziki, haina chakula, haina hata bango, ila jina lililopakwa rangi juu ya mlango. Ndani mlikuwa na mabenchi, mbao zilizogeuka nyeusi kwa moshi, na watu wanaotazamana. Hiyo ndiyo niliyoipenda tangu siku ya kwanza. Nilipofuata picha za barabara kwenye ramani niliona ila moja tu: gari haliingii kichochoroni, njia yake ni ya mawe na ina mwinamo, na mlangoni kuna ngazi ya jiwe.

Fundi cherehani ninayeshirikiana naye duka, mama mmoja wa Lubumbashi, alinikuta nikiitazama.

"Papa, sasa weye uko unatafuta bar, na pombe haunywi?"

"Nachagua pa kwenda na kaka yangu."

"Yee anaishi kule?"

"Ndiyo."

"Basi yee ndiye anajua. Juu ya nini weye unachagua?"

Nilimwambia kwamba ndivyo alivyotaka mwenyewe. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake.

Swali lake lilikuwa sahihi, na nililijua kabla hajaliuliza. Nyumbani kwetu sinia ya wali ikiwekwa, mdogo hapeleki mkono mpaka mkubwa apeleke wake. Siku ya safari na upande wa kulala ni mkubwa anayesema. Mgeni naye akiulizwa atakula nini hujibu "chochote", maana akitaja chakula amewatia wenyeji kazini. Mwenyeji, kwa upande wake, hatangulizi anachokipenda yeye. Humbembeleza mgeni mpaka aseme. Adabu hii hufanya kazi vizuri watu wakiwa chumba kimoja, kwa sababu mwishowe njaa huuma na mtu hucheka na kunawa mikono. Kwa simu, kati ya Johannesburg na Ayalandi, haina kinachoisukuma. Na mimi nilikuwa mdogo na mgeni kwa wakati mmoja.

"Enhe, umechagua?" akauliza Jumapili iliyofuata.

"Nimeona kama nne. Zote nzuri."

"Nitajie unayoitaka."

"Popote utakaponipeleka ni pazuri, kaka."

"Sitaki popote. Popote ni wapi? Sema."

"Wewe ndiye mwenyeji."

"Na wewe ndiye mgeni. Nikupeleke pa kwangu kwa nguvu?"

Nilimsomea zile nne kwa mpangilio usioonyesha ninakoegemea. Nilipofika kwenye ya kichochoroni sauti yake ilibadilika.

"Hiyo, mwenye pabu akiniona mlangoni tu anaweka birika jikoni. Sisemi kitu. Nikifika kwenye benchi, kikombe kinafika. Lakini haina kitu, mdogo wangu. Hakuna muziki, hakuna cha kutazama. Utachoka."

Nilisikia vizuri alivyolisema neno hilo la mwisho, kama mtu asiyeliamini. Niliwaza kumwambia kwamba nimetoka dukani kwenye msumeno na magari ya Jules Street, na kwamba mahali pasipo kitu ndipo ninapopahitaji. Lakini nilikumbuka mawe na ngazi. Nikiitaja, nilifikiri, nitakuwa nimemlazimisha mgonjwa kupanda mwinamo kwa ajili yangu, naye hatakataa, kwa sababu mwenyeji hakatai.

"Wewe unajua zaidi," nikasema.

"Basi fikiria," akasema.

Tuliendelea hivyo msimu mzima. Viza nilikuwa nayo tayari katika pasipoti. Kila Jumapili tulizungumzia pabu, na kusema kweli yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko tuliyowahi kuwa nayo tangu aondoke. Alinieleza mzee anayekuja na mbwa kipofu, na wanawake wawili wanaobishana juu ya hali ya hewa kana kwamba inawasikia. Alinieleza jinsi walivyomtania mwaka wa kwanza alipoomba sukari vijiko vingi, na jinsi sasa bakuli la sukari husogezwa kwake kabla hajaomba. Sikuuliza haya yalitokea pabu gani. Sikuhitaji kuuliza. Naye kila alipomaliza alisema, "Haya, sema basi," nami kila mara nilimrudishia.

Nilimweleza fundi cherehani mambo haya siku moja umeme ulipokatika na mashine yake ikanyamaza. Alicheka mpaka akashika meza.

"Batu ba pwani! Mutasimama ku mulango, kila mutu, 'pita weye, hapana, pita weye,' mpaka nyumba inafungwa."

"Ni heshima tu, mama."

"Heshima ni muzuri. Lakini yule mutu ni mugonjwa. Muambie jina la bar, Papa. Ni jina tu."

Nilikusudia kulisema Jumapili ile. Lakini kaka alikuwa amechoka, sauti yake ilikuwa ndogo, na ilionekana si adabu kumletea mtu katika hali ile habari za matembezi. Nikasema tutazungumza akipata nguvu.

Shemeji alinipigia mwezi wa saba, katikati ya wiki, nikiwa nakata kioo. Alisema kaka alikuwa amepata kidonda mguuni, kikaharibika, na wamemkata mguu chini ya goti. Alisema nyumba yao ina ngazi, na kwa mashine na kidonda pamoja hangeweza kumhudumia peke yake, kwa hiyo amehamishiwa nyumba ya wagonjwa katika mji mwingine, mbali na bahari. Nilimuuliza atarudi lini. Akasema kwa upole kwamba hatarudi.

Niliweka kioo chini. Fundi cherehani alinitazama, akanivutia kiti.

Jumapili kaka mwenyewe alipiga. Tuliongea kwanza habari za maumivu na chakula cha pale, ambacho alisema hakina chumvi wala nia. Kisha akauliza:

"Ulikuwa umechagua?"

"Nilikuwa nimechagua tangu mwanzo."

"Ipi?"

"Ya kichochoroni."

Nyuma yake nilisikia mtu akipita na toroli la vyombo.

"Mshenzi wewe," akasema polepole, bila hasira. "Si ndiyo hiyo."

"Najua."

"Ulijua? Kwa nini hukusema?"

"Ulisema nitachoka."

"Nilisema ili unibishie!"

"Nikubishie wewe, kaka? Tangu lini?"

Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka kama watu waliokuwa wakisubiri ruhusa. Kicheko chake kiliishia katika kikohozi, na kikohozi kilipoisha hatukucheka tena.

Nilimwambia kwamba bado inawezekana. Ngazi ile ni moja tu, nimeiona. Watu wawili wanaweza kuinua kiti cha magurudumu, na shemeji angeomba gari la wagonjwa kwa alasiri moja. Nilikuwa nimeshaanza kupanga kona kwa kona.

"Hapana," akasema. "Sitaingizwa mle kama kabati. Mle wananijua nikiingia kwa miguu yangu."

"Basi nitakuja huko huko uliko."

"Utakuja. Lakini kwanza utakwenda kule peke yako. Na safari hii usiniulize napenda nini. Mimi ni mkubwa wako, nakuamrisha." Akavuta pumzi. "Kaa benchi la upande wa dirisha. Usitangulie kuongea, mwache mwenye pabu akusogelee. Ukishakunywa, panda basi uje hapa unieleze."

"Nikueleze nini?"

"Nani yupo. Nani hayupo. Wanabishana nini."

Nikasema ndiyo, kaka. Tulipanga wiki ya safari siku ileile, bila ubishi wowote. Haikuchukua hata muda wa kupoza chai.

Naondoka Alhamisi. Fundi cherehani amenishonea bitana mpya katika koti la zamani, na amekataa malipo. Ramani ya mji ule ninayo kichwani: najua basi linasimama wapi, najua mwinamo unaanzia duka gani, najua jiwe la mlangoni limelika upande wa kushoto. Sijawahi kujiandaa vizuri hivi kwa jambo lolote. Lakini nikilitazama vizuri jambo hili, naona kwamba sikuitaka pabu. Nilitaka kuwa nyuma yake hatua moja pale atakapofungua mlango, niwaone watu wakigeuka na nyuso zao zikibadilika kwa kumtambua. Sasa nitafungua mlango mimi. Watageuka, wataona ni mgeni, na kila mmoja atarudi kwenye kikombe chake.