Kiatu cha Mguu wa Kulia

Asubuhi ya mwisho nilimvisha kiatu kama kawaida.

Alikaa ukingoni mwa kitanda, mguu wa kulia umenyooka mbele yake kama ubao. Goti lake lilikuwa halikunjiki. Miaka kumi na mmoja halikunjiki. Mtu mwenye goti la namna hiyo hafikii kidole chake cha mguu hata afanyeje. Kwa hiyo soksi nilimvisha mimi, kiatu nilimvisha mimi, na kamba nilifunga mimi.

"Umekaza sana, fundi," alisema. "Huu ni mguu, si mlango."

"Jana ulisema nimelegeza."

"Jana ulilegeza. Leo umekaza. Katikati hupajui?"

Nikalegeza kidogo. Akanishika bega, akasimama. Akaenda kwenye meza yake ya dirishani, ule mguu ukizunguka kwa nje kila hatua, maana kuinuka ulikuwa hauwezi. Mimi nikaenda karakana, nyuma ya nyumba. Saa sita mchana jirani alikuja mbio kuniita. Moyo, daktari alisema baadaye. Nilipofika mke wangu alikuwa ameinamia meza, sindano bado iko kwenye kitambaa. Kiatu kilikuwa mguuni. Kamba iko sawa, haijalegea wala haijakaza.

Sasa nieleze alikuwa nani.

Alikuwa fundi cherehani. Si wa kubahatisha. Wateja walimwita Mama Pindo. Suruali aliyoikunja yeye ingechakaa yote, ikachanika makalioni, lakini pindo ungelikuta palepale. Tulipooana alikuja na vitu viwili, sanduku la nguo na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Akaniambia, "Sanduku ni letu. Cherehani ni yangu." Nikacheka. Hakuwa anatania.

Aliiweka chumba cha mbele, mlango wazi barabarani. Mimi nikiwa karakana nilijua anashona nini kwa kusikia tu. Gauni la harusi alikanyaga polepole. Sare za shule alikanyaga kama mtu anayefukuzwa. Akinikasirikia, alikanyaga bila kitambaa.

Na mdomo alikuwa nao. Mteja mmoja mwenye mwili alikuja kulalamika kwamba suruali inambana. Mke wangu akaigeuza, akaitazama.

"Suruali haijapungua, kaka. Wewe ndiye umeongezeka. Lete niipanue, maana wewe siwezi kukupunguza."

Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini. Aliendelea kuja, na kila mwaka suruali ilipanuliwa.

Basi siku moja aliteleza kwenye ngazi ya mlango, amebeba robota la kitambaa kichwani. Mfupa ukavunjika palepale kwenye goti. Hospitali wakamfunga plasta kutoka pajani hadi kifundo cha mguu, wiki sita. Alizihesabu siku kwa ajili ya cherehani, si kwa ajili ya kutembea. Kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia, "Wakinivua tu hili jiwe, nakaa kwenye kiti changu. Waambie wenye haraka wasubiri, na wasio na haraka wasubiri zaidi."

Plasta ikatolewa. Mguu ulikuwa umekonda kama wa mtoto. Wakatupeleka chumba cha mazoezi. Alikuwepo mama mmoja wa makamo, mikono mipana, mtu wa maneno machache. Akaushika mguu juu na chini, akaukunja.

Mke wangu alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, hata alipokuwa anazaa. Kisha akalegea, jasho likamtoka, macho yakaenda juu. Wakampa maji. Yule mama wa mazoezi akanivuta nje kwenye korido.

"Baba, nisikilize vizuri. Hivi nilivyofanya ndivyo utakavyofanya nyumbani. Asubuhi na jioni. Atalia. Atakutukana. Wewe kunja tu, kila siku zaidi kidogo. Na mwezi ukiisha umlete kwangu. Ukimwonea huruma, goti litashikana."

Akanipa karatasi. Shule sikwenda, lakini picha haitaki shule. Mtu amelala, mwingine amemshika kisigino, goti limekunjwa.

Ndani ya gari la kukodi mke wangu akaniuliza, "Kakuambia nini huko nje?"

Nikasema, "Kasema upumzike. Usilikunje mwezi mzima, lishike vizuri. Kisha turudi."

Nilidanganya. Nilijiambia najua kazi. Mguu wa kiti ukiutia gundi, unaubana kwa jiriwa na unauacha. Ukiutikisa kabla haujakauka, umeharibu kiti. Miaka thelathini watu wanakalia viti vyangu, hajaanguka hata mmoja. Yule mama ametengeneza viti vingapi? Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba niliiogopa ile sauti.

Nikachonga vibao viwili vya mti mgumu. Nikavipiga randa, nikavipiga msasa mpaka vikawa laini kama shavu la mtoto. Nikamfunga kimoja huku, kimoja huku, na bendeji juu yake. Kazi nzuri kupita zote nilizowahi kufanya. Karatasi nikaificha kwenye sanduku la vifaa, chini ya randa.

"Kumbe nimeolewa na daktari," alisema, "na mimi miaka yote namwita seremala." Wageni wakija alifunua shuka awaonyeshe. "Mume wangu kanichongea mwenyewe. Nyie wenu wamewachongea nini?"

Wiki ya pili akasema, "Siku hizi wala haliumi."

"Unaona?" nikamwambia. Nilifurahi kweli. Goti lisilouma, mimi nilijua linapona.

Mwezi ulipoisha tukarudi. Mama wa mazoezi akafungua vibao vyangu, akaviweka kando bila kuvitazama. Akajaribu kukunja. Goti halikwenda. Akajaribu tena, uzito wake wote. Halikwenda, na safari hii mke wangu hakulia.

"Limeganda," yule mama akasema. Akanigeukia. "Mlikuwa mnakunja?"

"Kila siku," nikasema. "Asubuhi na jioni."

Mke wangu alikuwa amelala palepale, anatazama dari. Akageuza kichwa akanitazama. Si kwa muda mrefu. Alinitazama kama anavyotazama mshono kuona kama umenyooka. Kisha akamwambia yule mama:

"Ndiyo. Kila siku."

"Basi sielewi," mama wa mazoezi akasema. "Baba, nasikia wewe ni fundi. Goti ni bawaba. Bawaba isipofunguliwa inashika kutu. Hata mlango wako ungekuambia."

Wakatupeleka kwa daktari. Akamlaza kwa dawa ya usingizi, akajaribu kulikunja, akashindwa. Mwaka uliofuata walipiga picha ya mifupa, tukaambiwa mfupa wa juu na wa chini umekuwa mfupa mmoja. Daktari alituonyesha na kidole. Kweli, nafasi haikuwepo. Hata mimi na patasi nisingepata pa kuanzia.

Siku ile tulipoambiwa limeganda, nilingoja aniulize. Ndani ya gari hakuuliza. Nyumbani hakuuliza. Aliomba chai. Nikadhani hakuelewa, au ameelewa na amesamehe. Mtu hudhani lile linalomletea usingizi.

Cherehani ikamshinda. Mguu ulionyooka hauingii chini yake, unagonga chuma. Nikainyanyua meza kwa magogo. Haikufaa. Nikaleta msumeno nikate ubao wa mbele ili apate kukaa upande.

"Acha," akasema. "Utaiharibu hiyo nayo."

Nilisikia lile "nayo." Nikarudisha msumeno karakana, sikuuliza.

Cherehani ikakaa miezi chini ya shuka. Mwishowe akampa mdogo wake, naye ni fundi. Siku walipokuja kuibeba hakutoka chumbani. Tangu hapo akabaki na sindano ya mkono na pindo za watu. Gauni hakushona tena. Jina lake likawa ndiyo kazi yake yote. Mteja yule mnene aliendelea kuleta suruali zikunjwe tu, kuzipanua akapeleka kwingine, na mke wangu akamtania, "Siku hizi unanenepa kwa fundi mwingine."

Vile vibao nilivitupa kwenye lundo la kuni. Sikuviona tena. Karatasi sikuitafuta.

Na kila asubuhi nilipiga magoti mbele yake, nikamvisha kiatu. Sikukosa hata siku moja, hata nikiwa na homa. Nilidhani anaelewa maana yake.

Baada ya mazishi mdogo wake alikuja kupanga nguo. Nilikaa mlangoni namtazama. Akafungua lile sanduku alilokuja nalo dada yake siku ya ndoa, akatoa nguo moja moja. Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa kitambaa cha khaki, umeshonwa kwa mkono, pindo limenyooka kama limepigwa rula. Shemeji akausogeza pembeni haraka.

"Nini hicho?"

"Vitu vya dada tu, shemeji."

"Lete."

Vilikuwa vile vibao viwili. Bado laini. Katikati yake karatasi imekunjwa mara nne. Mtu amelala, mwingine amemshika kisigino.

Nikaigeuza nyuma na mbele.

"Hii kaitoa wapi?"

"Kwenye sanduku lako la vifaa. Siku ya pili baada ya kuambiwa goti limeganda. Ulikwenda kununua mbao. Alifika karakana kwa kushika ukuta. Vibao alivikuta kwenye kuni siku nyingine."

"Na wewe umejuaje?"

"Alinionyesha."

"Lini?"

"Mwaka uleule, shemeji."

Mwaka uleule. Miaka kumi na mmoja huyu mwanamke ameingia kwangu, amekalia viti vyangu, ameniita shemeji yangu kipenzi. Nilimtengenezea kabati alipohama. Kumbe wakikaa wawili dirishani, sauti zikashuka nikiingia, walikuwa wananijua.

"Na ukanyamaza," nikasema.

"Alinikataza. Wewe ungefanyaje?"

Nilikuwa nakumbuka asubuhi. Mimi chini, yeye juu, ananitazama utosini na anajua. Umekaza, fundi. Umelegeza, fundi. Katikati hupajui? Mimi nilimdanganya mara moja ndani ya gari, maneno machache, yakaniponyoka kwa woga. Yeye alinyamaza makusudi, asubuhi baada ya asubuhi, na mguu wake mkononi mwangu. Najua si sawa kulinganisha. Goti ni lake, cherehani ni yake. Lakini ndivyo ninavyosikia kifuani, na sitasema vingine.

"Kwa nini hakuniambia?" nikamuuliza shemeji. "Angenitukana. Angechukua hiki kibao akanipiga nacho. Ningepokea."

"Hata mimi nilimuuliza hivyohivyo. Nilimwambia, dada, mwambie mwenzio, yaishe."

"Akasemaje?"

Shemeji akakunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena.

"Shemeji, mtu amekwisha kwenda. Ya nini?"

"Sema. Usiongeze, usipunguze."

Akaliweka gauni chini. Akasema kama dada yake alivyosema:

"Nikimwambia ataomba msamaha, na msamaha sina. Mwache anivishe kiatu."