Miche ya Mninga Niliyoimwaga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jembe, ndoo na onyo. Bwana Miti, mkuu wa kitalu chetu hapa Songea, alinitazama miguu kwanza, kisha uso. "Kijana, hapa mti ni ule unaokua. Ukidumaa, ng'oa." Nikaitikia ndiyo mzee. Nilikuwa nimetoka Namtumbo na suruali mbili, ningebisha nini?

Ninyi vijana wa kikundi cha bustani mnadhani kitalu ni kumwagilia tu. Kazi ilikuwa viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche. Unachanganya udongo wa msituni, mchanga na samadi iliyooza, unajaza, halafu unagonga kiriba chini ili hewa itoke. Mimi nilikuwa mvivu wa kugonga, miche yangu ikawa inalala chali. Aliyeninyoosha ni kibarua mmoja, msichana wa Kingoni mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu. Huyo ndiye Bibi Asteria, ambaye mmeniomba nimzungumzie kwenye sherehe ya kumpongeza Jumamosi. Nitamzungumzia, ila nianze na yangu.

Kitalu kizima kilikuwa misindano na mikaratusi, miti ya kuja. Asteria aliomba tuta moja pembeni aoteshe mninga. Mbegu aliziokota chini ya mninga mmoja mkubwa wa mlimani, na haukupita muda mti wenyewe ukaangushwa kwa ajili ya mbao. Mbegu ya mninga ni kaidi. Inakaa ndani ya tunda gumu lenye bawa, na lazima ulibabue kwa moto wa majani, kisha ulipasue kwa kisu bila kujikata. Yeye alijikata sana. Ikaota miche ishirini na mitatu, na mama yao hayupo tena.

Kiangazi kilipofika yote ikakauka, vikabaki vijiti. Siku moja tulikuwa tunasubiri mgeni kutoka mkoani, na Bwana Miti alikuwa anakagua matuta.

"Nani anafuga maiti hapa?"

"Haijafa, mzee," Asteria akasema. "Mninga mchanga hukauka juu, mzizi ukabaki hai. Mvua ikinyesha unachipua. Unafanya hivyo miaka kadhaa kabla haujasimama."

Bwana Miti akanigeukia. "Wewe umekulia porini. Ni kweli?"

Baba yangu alikuwa seremala. Nikiwa mdogo alinichapa kwa kung'oa vijiti vya namna ile shambani, akanieleza kwa nini. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini kazi ya kudumu ilikuwa inanukia, na mkubwa hakanushwi mbele ya watu.

"Sijui, mzee," nikasema.

"Basi mwaga."

Nikamwaga nyuma ya banda. Asteria akaambiwa kesho asirudi.

Mimi nikapanda cheo. Nikawa msimamizi wa kitalu, nikahamishiwa Tunduru, nikazunguka Namasakata na Mbesa nikihimiza watu wapande miti. Miaka mingi baadaye Afisa Misitu wangu kule, mama mmoja asiyependa visingizio, alitaka mbegu za mninga. "Nenda Songea," akaniambia. "Lizaboni kuna muuza maandazi ana miti yake."

Nikabisha hodi, akafungua Asteria. Nyuma ya nyumba ilisimama mininga tisa. Aliiokota kwenye takataka zetu jioni ileile aliyofukuzwa.

"Karibu, kaka," akasema. "Angalia unapokanyaga. Hiyo mininga mnafahamiana."

Alinijazia mfuko wa mbegu, akakataa malipo. Nilikunywa chai yake na sikuomba radhi. Nimestaafu, napata pensheni. Yeye hana, na mininga yote mnayoigawa mashuleni imetoka uani kwake. Hilo linaniuma.

Juzi mlikuwa mnasafisha uwanja wake kwa ajili ya sherehe. Katibu wenu, binti mchapakazi kweli, akashika toroli lililojaa viriba. "Shikamoo babu. Hivi vya miche mikavu tunavitupa, wageni wasije wakatucheka."

Bibi Asteria alikuwa kwenye kiti chake, miguu imemvimba. Alinitazama mimi.

"Usiguse, mjukuu wangu," nikasema. "Haijafa. Nilijua hivyo hata siku ile niliyoimwaga ile ya kwanza mwenyewe." Nikawaeleza yote, palepale. Katibu akashusha viriba kimoja kimoja.

"Nilijua unajua, kaka," akasema Bibi Asteria. "Asiyejua huuliza. Wewe siku ile hukuniuliza hata swali moja."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Lilikuwa lako la kusema. Haya, wasaidie kuvirudisha kivulini."

Nikavirudisha, mgongo ukilalamika. Kwa hiyo Jumamosi mpeni yeye kiti cha mbele na maua yote. Mimi nitakaa kule pembeni, karibu na vile vijiti. Mgeni yeyote akiuliza kwa nini tunafuga maiti, nitamjibu mimi.