Kigurudumu Kilichobaki Upande wa Kulia

Adolphe Kalenga hakusoma kipimo chochote bila kukigonga kwanza kwa ukucha. Saa ya ukutani, mizani ya muuza samaki, hata kioo cha simu: tok, tok, halafu anainama kutazama. Wauzaji wa soko la Kikula, mjini Likasi, walimjua.

"Papa, unabisha hodi ku kilo yangu, unazani muntu anaikala mule ndani?" mama mmoja alimuuliza siku moja.

"Mushale inaweza kulala, mama. Minye naiamusha tu."

Alitoka nayo Koni, tabia hiyo. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kwenye kituo hicho cha umeme kando ya mto Lufira, katika chumba chenye ukuta mzima wa mishale, na kazi yake ilikuwa kuitazama. Mishale ya zamani hukwama. Ukigonga kioo, inashtuka na kusema kweli. Nilipomfahamu, ukuta ule alikuwa ameuacha kitambo. Alikuwa mjane, akiishi Kikula na binti yake Blandine, muuguzi, na alikuwa na Toyota ya zamani iliyotupeleka sisi walimu Mulungwishi kila Jumatatu na kuturudisha Likasi kila Ijumaa. Wenzangu walipenda kiti cha nyuma wapate kusinzia. Cha mbele kikawa changu.

Kutoka kiti hicho niliona shida yake ikianza. Ijumaa tulikuwa tunaondoka shuleni jua likiwa limeshuka, na katikati ya safari ilibidi awashe taa. Barabara iliangaza vizuri. Lakini pale mbele yake, kwenye vipimo vya mwendo, mafuta na joto, palibaki na rangi ya chai iliyopungukiwa majani. Mishale ilizama humo. Ijumaa moja ya masika tulisikia harufu kabla ya kuona chochote, kisha mvuke ukapanda juu ya kioo. Mshale wa joto ulikuwa umefika kwenye nyekundu muda mrefu, na hakuna aliyeuona. Tulikaa kando ya barabara tukisubiri injini ipoe, malori ya mawe ya shaba yakitupita na kuturushia matope. Papa Adolphe aligonga kile kioo cheusi tena na tena, kama mtu anayebisha kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Blandine alisema waziwazi.

"Papa, taa haina kitu. Ni macho."

"Macho yangu iko muzima."

"Macho ya muzima inaacha motokari itokote sawa maji ya bukari?"

Akampa muda mpaka Pasaka. Kama kufikia siku hiyo angekuwa bado haoni mishale, angechukua funguo, na gari lingeuzwa. Mzee angekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, kama wazee wengine wa mtaa ule.

"Na minye nitaangalia nini?" aliuliza.

Blandine akageuka kwangu.

"Madame, weye unaikalaka pembeni yake. Angalia na macho yako, uniambie kweli. Kama weye unaona mushale na yeye haone, basi, ni macho."

Sikuipenda kazi hiyo, kuwekwa mizani ya maisha ya mtu. Lakini swali lenyewe lilinishika. Kati ya jicho na taa, utajuaje ni kipi kinachofifia? Vyote viwili vinakuonyesha giza lile lile.

Basi Jumamosi tulikwenda kwa Rolly, fundi wa umeme wa magari, nyuma ya soko la Kikula. Jua lilikuwa kali, na taa ya gari haipimwi juani. Rolly akaomba kikwembe changu, kitenge cha kujifunga, akakitandaza juu ya kioo cha mbele, madirishani akatundika makoti na magunia. Tukaingia watatu, tukakaa katika jioni ndogo yenye harufu ya petroli. Nje wanawake walikuwa wanapita na mabeseni yao.

"Rolly, unafichaka ba client sasa?"

"Tunatafuta usiku, mama. Muchana imetuzidi."

Akawasha taa. Niliinama. Niliona ile rangi ya chai. Nilidhani nimeuona mshale, kisha nikatambua kwamba nilikuwa naona mahali ninapojua unakaa. Macho yangu nayo yamepita miaka arobaini.

"Sijui," nikawaambia. "Naona na sioni."

"Ampoules zimechoka," Rolly akasema. Akafungua, akatoa balbu za zamani, akaweka mpya, akafuta vumbi la miaka lililokuwa limeganda nyuma ya vipimo. Kikwembe kikarudi juu. Sasa ile rangi ilikuwa safi, lakini ilikuwa chai ile ile.

Rolly akajikuna shingo. Akavuta kutoka kwenye sanduku utepe wa taa za bluu.

"Nakutiliya hizi, Papa. Motokari itawaka sawa nganda."

"Minye nauzisha pombe?"

"Ba vijana banazipenda."

"Basi uwatiliye bo. Vuta frein à main."

Rolly akavuta breki ya mkono. Katikati ya ule mwanga hafifu, kitaa chekundu cha breki kikawaka vikali hata nikauona uso wa Rolly na jasho lake. Papa Adolphe akagonga kioo.

"Unaona? Courant ya umeme inafika. Huyu moja anakula, bengine banafunga." Akainama karibu zaidi. "Ampoules ya zamani na ya mupya, zote zichoke sawasawa? Ku Koni, kama taa zote zinapunguka pamoja, hatukukuwa tunaangalia taa. Tulikuwa tunauliza: nani anazikamata?"

"Hakuna mwenye anazikamata, Papa. Iko ka bouton kamoja ka kupunguza mwangaza, kanaikalaka pembeni ya volant ya kuendeshea. Na kwako hakako."

"Hakako, ao hakako hapa?"

Rolly akageuka kutazama upande wangu.

Gari lile, kama mengi ya kwetu, lilizaliwa na usukani upande wa kulia. Linapofika huku, ambako tunaendesha kulia, fundi hulipasua: usukani, pedali na vipimo vinahamia kushoto, nyaya zisizofika zinaungwa, tundu linafunikwa, na pale alipokaa dereva panakuwa pa abiria. Sote tunajua. Kila Ijumaa mguu wangu ulikuwa unakanyaga kiraka chini ya zulia, mahali pedali zilipokuwa, na sikuwahi kujiuliza ni nini kingine kilichoachwa upande wangu.

Rolly akazungukia mlango wangu, akaniomba nisogeze magoti. Akang'oa kisanduku cha mbele yangu, akaingiza mkono mpaka bega, tochi mdomoni, akaanza kuvuta nyaya. Kila alichokivuta kilimchukiza.

"Lakini nani mujinga alifanya hii kazi? Angalia vile aliunga. Na hii, ameacha inaning'inia tu. Huyu muntu si mécanicien, Papa. Huyu angeuzisha mikate."

Kisha kikatoka. Kigurudumu cheusi, kidogo kama kifungo cha koti, kikining'inia kwenye nyaya zake, kimefungwa kwa utepe wa kijani wenye fundo la kusokotwa. Rolly akakigeuza kwenye mwanga wa tochi. Akatazama fundo. Pale gotini kwake palikuwa na gombo la utepe wa kijani alilolitumia asubuhi ile, na kwenye nyaya mpya alizozifunga palikuwa na fundo la kusokotwa.

Papa Adolphe alitazama fundo, akatazama gombo.

"Endelea," akasema taratibu. "Ulikuwa unamutukana nani?"

"Kazi ilikuwa mingi wakati ule, Papa. Balikuwa banazileta kila siku. Sikumbuke hata hii rangi yake."

"Na mikate, anauzisha muzuri?"

Rolly alicheka mpaka akajigonga kichwa kwenye mlango, na hata mimi nilicheka, nikiwa nimekunja magoti kwenye giza la kikwembe changu.

Mkono fulani, katika nchi tusiyoijua, ulikuwa umezungusha kigurudumu kile mpaka mwisho wa kupunguza. Labda mwenyewe alikuwa na macho makali, labda mtoto alikuwa anachezea. Kisha gari likauzwa, likavuka bahari, likapasuliwa, na kigurudumu kikazikwa pamoja na amri yake. Taa ziliendelea kutii miaka yote hiyo. Bado nazifikiria, taa zile zilizokuwa nzima na hazikuwahi kuambiwa kwamba zinaweza kuwaka.

Rolly akazungusha. Vipimo vikapanda kutoka gizani, kijani, kila namba mahali pake, mishale myembamba na wazi. Papa Adolphe aligonga, akasoma mafuta, akasoma joto. Kisha akasema:

"Punguza."

"Papa, umelia juu ya hii taa tangu asubui!"

"Taa ya ndani ikizidi, inakula barabara. Punguza. Tena. Hapo."

Nyaya za kigurudumu hazikufika upande wa kushoto. Rolly, kwa aibu, alitaka kuziunga bure, lakini mzee alikwisha choshwa na nyaya za kuungwa. Basi kikatobolewa kitundu pale pale kulia, mbele ya goti langu. Dereva akawa na usukani, na abiria akawa na mwanga.

Blandine alifika kutoka hospitali, bado amevaa sare. Akaingia chini ya kikwembe, akasoma namba zote.

"Leo ilikuwa taa," akasema mwishoni. "Na kesho?"

Papa Adolphe alikuwa amekwisha kulifikiria hilo. Kwenye ukuta wa Koni kila kipimo kilikuwa na mstari mwekundu, na mshale ukiugusa hakuna mjadala, unasimamisha. Akamwomba binti yake rangi ya kucha. Akamwonyesha mahali kwenye ukingo wa kigurudumu, mbali kidogo kupita pale aliposema "Hapo."

"Utiye tone. Siku nitaomba Madame apite hii, ni macho. Nitakupa funguo, hautaniomba."

Blandine alilitia mwenyewe, kwa uangalifu ule ule anaoutumia kwa kucha zake, na akalipulizia mpaka likakauka. Pasaka ikapita, na funguo zikabaki kwa mzee.

Ijumaa zikaendelea. Wenzangu walilala nyuma, malori yakatupita, na kila giza lilipoanza alisema, "Ongeza kidogo, Madame," na kidole changu kikazungusha mpaka aseme "Hapo." Siku za mvua alitaka zaidi. Siku za mwezi alitaka pungufu. Nilikuja kupenda kazi hiyo ndogo. Tulizungumza juu ya Koni, juu ya kelele ya maji ambayo baada ya miaka huisikii tena mpaka inyamaze, juu ya mkewe aliyekuwa akimcheka anapogonga chungu kujua kama bukari, ugali wetu, imeiva.

Masika ya pili niligundua kwamba ile "hapo" yake imehama. Si kila wiki, na si kwa mwendo mmoja. Ilirudi nyuma kidogo wakati wa kiangazi, kisha ikasogea tena. Tone jekundu lililokuwa mbali na kidole changu likaanza kugusa ukucha. Yeye hakuuliza tumefika wapi. Alama ilikuwa upande wangu, asingeiona kutoka kwake hata angekuwa na macho ya mwewe. Lakini mtu aliyeangalia mishale maisha yake yote hahitaji kuona mshale kujua unakokwenda.

Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo mvua ilitukuta njiani.

"Ongeza kidogo, Madame."

Nikaongeza.

"Tena."

"Papa, alama ndiyo hii."

Alinyoosha mkono, akagonga kioo, tok, tok, akainama kidogo, kisha akarudi kwenye barabara.

"Joto iko fasi gani?"

"Iko katikati."

"Muzuri."

Aliendesha polepole sana mpaka Likasi. Akawashusha wenzangu mmoja mmoja, akiwatakia likizo njema, kisha akaenda moja kwa moja Kikula. Blandine akafungua lango. Mzee akazima injini, akaacha taa zinawaka, akamnyooshea binti yake funguo kupitia dirishani. Blandine alizipokea kwa mikono miwili.

"Papa, kesho tutaongea."

"Hakuna ya kuongea. Taa iko muzima."

Nilikusanya mfuko wangu. Likizo hiyo nilikwenda Lubumbashi kwa dada yangu, na homa ilimchukua Papa Adolphe nikiwa huko. Niliporudi walikuwa wamekwisha mzika, na Blandine ndiye aliyekuja kunipokea, akiliendesha gari lile lile.

Jioni ile ya funguo nilikuwa nimekwisha weka mguu mmoja chini mzee aliponiita, bado amekaa mbele ya usukani.

"Uirudishe taa chini, Madame," alisema. "Mwenye atafwata iko na macho ya muzima. Isimuumize."