Lazima Mwanamume Aanze

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kubeba magari, na kwa kuwa vijana wa leo hawajui hiyo ilikuwa kazi ya namna gani, acha nieleze. Miaka ile ya mwanzo wa uhuru kila aliyepata cheo alitaka gari. Mwalimu mkuu, chifu, karani wa pamba, wote. Gari lilinunuliwa Kisumu, likaletwa na meli mpaka gati la Homa Bay. Kutoka hapo kwenda Migori ilikuwa matope meusi, yale ya kumeza gurudumu, na hakuna bwana mkubwa aliyetaka gari lake jipya lifike nyumbani likivutwa na ng'ombe majirani wakitazama. Basi Mhindi mmoja mwenye gereji pale mjini alikuwa na lori refu, bodi yake tambarare, magurudumu mapana. Unaegemeza vyuma viwili nyuma, unapandisha gari juu polepole, unalifunga minyororo, unaondoka. Mwenye gari anapokea mali yake ikiwa safi, anapiga honi mpaka jioni.

Sisi tulikuwa wake wawili. Mkubwa alitoka kisiwa cha Mfangano, mwanamke wa mikono mipana, aliyezoea kuvuta mitumbwi tangu utoto. Mimi nilikuwa mdogo. Tuliitana nyieka, yaani mke mwenza, na msije mkadhani tulikuwa tunarogana kama mnavyopenda kuhadithiana. Tulipatana. Mume wetu alikuwa na kifua kibaya, akikohoa hawezi hata kushika gia, kwa hiyo alikuwa akitubeba safarini kwa zamu. Nyieka alijifunza kazi ya tanboi: kufunga minyororo, kuweka mawe nyuma ya magurudumu, kuelekeza gari linapopanda vile vyuma. Mimi nilijifunza usukani. Mwaka wake wa mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha njia karibu yote, yeye analala pembeni, tukikaribia mji anaamka, tunabadilishana ili watu wasiseme. Mwishowe alichoka kujificha. Alinipeleka kwa afisa wa leseni, afisa akacheka, akaniambia nipandishe lori mlima na kulirudisha kinyumenyume. Nikalirudisha. Hakucheka tena, akaniandikia leseni.

Kisha mume wetu akafa.

Mhindi alikuja matangani. Alikaa kidogo kwenye kiti alichopewa, akatoa pole yake, halafu akatuita mimi na nyieka kando ya jiko. Alisema lori limesimama na meli haisubiri msiba wa mtu. "Mama, wewe una leseni," akaniambia. "Huyu mama mwingine anajua minyororo. Mimi sitafuti mwanamume, mimi natafuta dereva. Mkitaka, kazi ni yenu."

Yawa! Siwezi kueleza jinsi moyo wangu ulivyoruka, na marehemu hata udongo wake haujakauka. Nilikuwa na watoto watatu. Nyieka alikuwa na wanne. Tulikaa nyuma ya jiko tukichambua omena, wale dagaa wa ziwani, tukiongea chini chini kama wezi.

"Tutaweza?" nikamuuliza.

"Si tumekuwa tukiweza?" akanijibu. "Tofauti ni kwamba sasa hakuna wa kumwamsha tukifika mjini."

Tulicheka, tukakumbuka tuko matangani, tukafunga midomo. Lakini tulikuwa tumeshaamua. Tulitaka kulala chini ya bati letu wenyewe, tuwasomeshe watoto, na tusiombe chumvi katika nyumba ya mtu. Habari zilitoka, kama zinavyotoka. Wanawake wawili waliouza samaki gatini walinijia wakiniuliza kama mtu akishajua baiskeli anaweza kufundishwa lori. Nikawaambia waje, nitawafundisha mmoja mmoja. Nilisema hivyo kwa kiburi kabisa, na sijutii kiburi kile hata leo.

Gari la kwanza lilikuwa la mwalimu mkuu mmoja wa upande wa Migori. Alikuja mwenyewe gatini kulipokea. Mimi nilikuwa nimevaa shati la marehemu, nimelivaa ndani nje kama mjane anavyotakiwa kwetu, na nyieka vilevile. Mwalimu alitutazama kuanzia juu mpaka chini, yeye na suti yake, miwani yake, na biblia yake kwapani.

"Gari langu halipandi hapo," akasema.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Wewe ni chi liel. Hujarithiwa. Utaingiaje kwenye boma langu na gari langu? Unataka watoto wangu wakonde wafe?"

Chi liel maana yake ni mke wa kaburi. Kwetu, mjane ambaye hajarithiwa na ndugu wa mumewe haingii boma la mtu mwingine. Akiingia, analeta chira, ule ugonjwa wa kukondesha unaofuata kuvunja mwiko. Nilimwambia nitashusha gari nje ya geti, barabarani, sitakanyaga hata nyasi zake. Akakataa. Nikamwambia nyieka na mimi tutashuka mbali na asukume mwenyewe. Akakataa. Mtu wa biblia huyo, anayefundisha watoto kwamba mambo ya mizimu ni upuuzi! Wa pili akakataa, na wa tatu. Mhindi akanyoosha mikono, akasema hayo ni mambo yenu ya nyumbani, mkayamalize, ila yeye hatangoja sana.

Nyieka alimaliza yake kirahisi. Yeye alikuwa ameshapita umri wa kuzaa, kwa hiyo alichagua mzee mmoja wa ukoo, mzee asiye na meno. Mzee alikuja, akatundika koti lake ukutani, akalala kwenye kiti, asubuhi akanywa chai, akavaa koti, akaenda zake. Kwisha. Nyieka akawa safi, anaweza kuingia popote.

Mimi nilikuwa bado kijana. Kwangu koti halikutosha.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyejitokeza. Alikuwa mtu wa kukaa sokoni akisimulia safari ambazo hakuzifanya. Nilimwambia mbele ya wazee, tena wazi, kwamba nakubali kwa sharti moja: naendesha lori. Akasema, "Aendeshe tu, mimi lori la nini?" Wazee wakaitikia. Kwa hiyo nilikubali. Sitaelezea usiku ule. Nasema tu kwamba kama kungekuwa na mlango mwingine wa kuingilia kwenye lile lori, hata dirisha, ningepitia huko. Nilimpa mwili wangu ili nipewe usukani, hakuna namna nzuri ya kulisema.

Mwalimu mkuu akapelekewa habari kwamba nimerithiwa. Akaridhika. Nilipandisha gari lake gatini mchana, nyieka akafunga minyororo, tukaleta lori nyumbani kama mume wetu alivyozoea, ili tuondoke asubuhi. Boma letu liko kwenye mteremko nje kidogo ya Homa Bay. Mvua ilinyesha jioni, kukapambazuka kweupe.

Nilipotoka na ufunguo nikamkuta shemeji, ambaye sasa naambiwa nimwite mume wangu, amesimama kando ya lori amevaa koti la marehemu.

"Lete," akasema. "Lazima mimi nianze."

Hapa niwaeleze wasiojua. Kwetu mwanamke hapandi mbegu kabla mwenye boma hajapanda zake. Mwanamume ndiye anayeanza, hata kama ni shimo moja tu, halafu wanawake wanaendelea na shamba zima. Ukimtangulia umeharibu. Yeye alisema lori ni shamba la nyumba hii sasa, na mimi ni mke wake, basi aanze yeye, alivushe geti tu, kisha anipishe. Mama mkwe akasema ni kweli. Wazee wakasema ni kweli. Hata nyieka alinitazama akainua mabega: ni geti tu, mpe. Akatangulia kwenda kusimama barabarani, pale tulipokubaliana tubadilishane.

Nikampa. Ningefanyaje? Mtu ambaye amekwisha kutoa kikubwa vile atakataa hatua chache za geti? Nikaketi pembeni, nikamwonyesha klachi, nikamwonyesha breki, nikamwambia gia ya kwanza tu, usiguse nyingine.

Alilivusha geti. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakapiga makofi. Nadhani ni yale makofi yaliyomponza. Nilimwona usoni, mtu mzima ameng'aa kama mtoto aliyepewa sukari. Nyieka alikuwa barabarani ameinua mkono, nikasema, "Simama hapa." Hakusimama. Tukampita nyieka mkono ukiwa bado juu.

"Simama! Wewe, simama!"

"Kelele," akaniambia. "Nitakupisha mbele."

Mbele kulikuwa na mteremko na kijito chini yake. Lori tupu ni jambo moja. Lori lenye gari juu, barabara imelowa, ni jambo lingine kabisa. Linakusukuma lenyewe, na hulibani breki ghafla hata kama unaona kifo. Alibana. Alibana kwa miguu yote miwili, na mimi nimeshika usukani kwa mkono mmoja ninavuta, yeye anavuta upande wake. Nyuma ilichepuka, tukalala ubavu kwenye mtaro. Nilisikia mnyororo ukikatika, halafu gari la mwalimu likaenda peke yake mpaka kijitoni, magurudumu juu.

Hatukufa. Yeye alichanika kidogo kwenye paji la uso, mimi bega liliteguka na halijakaa sawa tangu siku hiyo. Tulitokea dirishani. Na kitu cha kwanza alichosema, kabla ya pole, kabla ya kuuliza kama niko mzima, kilikuwa hiki:

"Wewe ndiye una leseni."

Mama mkwe alifika akikimbia, kitambaa kimemvuka kichwani, watu wakimfuata. Mwanawe alimwambia jambo sikioni. Mama akaja kwangu, akapiga magoti kwenye matope, mama mkwe wangu, akanishika miguu. "Mwanangu, nimezika mmoja juzi. Huyu wataniwekea jela. Nibaki na nani? Na wewe watakuita nani, mke anayemaliza waume?"

Nyieka alikuwa amefika akihema. Akasema kwa sauti, "Mimi nilisimama pale. Nilimwona ni yeye." Wazee wakamwambia anyamaze, hakuona vizuri. Watu waliokuwa getini, waliopiga makofi kwa mikono yao, nao wakaanza kusema alishuka. Si mwanamume huanza tu halafu humpisha mke? Ndivyo ilivyo, ndivyo ilivyokuwa. Alianza, akashuka, mke akapokea. Walisema hivyo wakitazamana, na kila aliyesema alizidi kuamini, mpaka nikajiona mimi ndiye mwongo niliyebaki pale.

Polisi walipokuja wakauliza nani alikuwa akiendesha.

"Ni mimi," nikasema.

Leseni ikachukuliwa palepale. Mhindi hakunigombeza, alilitazama lori lake, akanitazama, akasema, "Mama, mimi nilikuamini." Ningependa angenitukana. Mwalimu mkuu ndiye aliyetukana, tena gatini, mbele ya wale wauza samaki wawili. Hawakuja tena kuniuliza habari za kufundishwa. Wakiniona walishughulika na samaki wao.

Nyieka hakukaa. Alifunga vitu vyake arudi Mfangano kwa ndugu zake. Nilimsindikiza mpaka kwenye mtumbwi. Akiwa ameshapanda akasema, "Ungesema tu, nyieka. Mimi ningesimama nawe." Nikamjibu kwamba yeye alirithiwa na koti. Alielewa. Alilia, na mimi nikalia, na alipoondoka alikuwa amebeba ukweli wangu wote, kwa maana hakukuwa na mwingine aliyeuhitaji.

Nilibaki na yule mwanamume. Nilizaa naye binti. Miaka ilienda, miwa ikaja Awendo na kiwanda chake, malori yakajaa barabarani, na siku moja nikasikia wanatafuta madereva na hawajali ni mume au mke. Binti yetu alikuwa amemaliza shule, hana kazi, ana mikono mizuri ya utulivu. Nikamwambia tukiwa tunakula, mwanangu, nenda ukajifunze lori. Nilisema kwa hamu mpaka nikaona haya.

Akacheka. Si kwa ubaya, ana moyo mwema. "Wanawake na malori wapi na wapi, mama? Hata wewe mwenyewe, si uliangusha siku ya kwanza? Kila mtu anajua."

Nikamgeukia baba yake. Alikuwa akitoa miiba kwenye samaki wake, ngege, polepole, hana haraka. Nikamngoja. Nilimngoja mpaka binti akaacha kucheka na kututazama sisi wawili.

"Usimcheke mama yako," akasema, akitia kipande mdomoni. "Alijaribu."