Uyoga wa Kukata na Uyoga wa Kuchimba

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na kisu kidogo cha mpini wa mpingo cha kukatia uyoga, na sijapata kukichukia kitu kama nilivyokichukia kisu kile. Wapo watakaosema marehemu hasemwi. Marehemu huyu alimsema mama yangu mchana na usiku, mama akiwa hai na anasikia, basi na mimi nina haki ya kumjibu, hata kama nimechelewa.

Kijiji chetu kilikuwa juu ya mwinuko karibu na mdomo wa mto Ruvuma, mahali ambapo upepo wa kusi ukivuma harufu ya mikoko hupanda mpaka kwenye mikorosho. Tulihamishiwa hapo wakati wa operesheni ya vijiji. Ukoo wa baba ulitoka jirani tu. Mama alikuwa ameolewa kutoka bara zaidi, kwenye misitu, na mpaka tunahamia bado waliita upande wake "kule kwenu". Nyumba zilipangwa kwa mistari, kila familia ikaambiwa ikandike kuta zake, na udongo mzuri wa kukandika ni wa kichuguu. Basi vichuguu vyote vya kando ya shamba la kijiji vikavunjwa kwa majembe, vikasawazishwa, pakawa uwanja. Tulifurahi kupata kuta ngumu. Hakuna aliyefikiria uyoga.

Uyoga mweupe wa kichuguu hutoka mvua za kwanza zikishaloweza ardhi. Ukipikwa kwa karanga, mtu haulizi samaki wala kuku. Na watu wote, wa huku na wa kule, waliutambua kwa mahali: ukiuona juu ya kichuguu, chuma bila wasiwasi. Walitofautiana katika kuuchuma tu. Upande wa baba waliukata kwa kisu usawa wa ardhi, kwa sababu waliamini ukiung'oa umefunga mlango wake, mwakani hautoki. Upande wa mama waliuchimba. Mama alikuwa akiufuata mguu wake kwa kidole mpaka chini kabisa kwenye makao ya mchwa, maana uyoga huo una mzizi mrefu, na mzizi wenyewe ni mtamu. Tulipokuwa wadogo tuliutafuna njiani kama muwa.

"Wifi yetu anachimba uyoga kama anachimba mihogo," shangazi alikuwa akisema, na wanawake wakacheka, na mama akacheka nao. Ulikuwa utani wa mawifi.

Mvua za kwanza baada ya vichuguu kuvunjwa, mama alipata uyoga tele. Alibakiza nusu, nusu akanituma nimpelekee shangazi. Sisi tulikula, tukaamka salama. Asubuhi tukasikia mume wa shangazi anatapika na kuharisha, hawezi kusimama. Shangazi mwenyewe alikuwa ameonja mchuzi tu, maana kwao kinono ni haki ya mume. Mzee akafungwa kwenye baiskeli na kusukumwa mpaka zahanati. Alilazwa, akapona, akarudi amekonda kama mti wa muhogo.

Lakini kabla hajarudi, shangazi alikwisha kupita nyumba kwa nyumba. Alisema ni uyoga wa wifi. Kisha akasema neno lililotumaliza: "Nani anachimba uyoga, kama si mtu anayetafuta dawa?" Utani wa jana ukawa ushahidi wa leo. Sisi tuliokula chungu kilekile tulikuwa wazima, na hata hilo walilipatia jibu: alijitengea ulio mzuri.

Ulimi hauna mfupa, ila unavunja mifupa. Wanawake walikuwa wakipokezana kupika chakula cha shamba la kijiji. Zamu ya mama ikarukwa. Msiba ukatokea nyumba ya tatu kutoka kwetu, mama akapeleka bakuli la mboga. Nilikwenda kulichukua baada ya maziko na nikalikuta limefunikwa vilevile alivyolifunika yeye, kawa juu, hakuna aliyeligusa. Nililirudisha nyumbani mbele za watu. Mtu akiniuliza chuki yangu ina umri gani, inaanza kwenye safari hiyo fupi.

Baba alikuwa amekula katika chungu cha mama tangu sijazaliwa. Angeweza kusema neno moja tu: mimi nimekula na sikuumwa. Badala yake alimwita mama barazani, dada yake amekaa pembeni, akamtamkia talaka. Mama hakulia. Alikunja mkeka wake, akachukua mchi na chungu, akaenda Mtawanya kwa kaka yake.

Mimi nilibaki. Nilikuwa msichana mzima, nafundisha kisomo cha watu wazima kijijini, na nilikuwa na hakika kwamba adui halipizwi kisasi ukiwa mbali. Nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka kila nilipoamka: shangazi ale kutoka chungu cha mama, mchana kweupe, watu wakimwona.

Mjomba wangu, huyo kaka yake mama, alikuwa fundi cherehani. Zaidi ya kanzu hakuwa mtaalamu wa chochote, ila alipenda vitu vya porini kama watu wengine wanavyopenda bao. Ijumaa akitoka msikitini alikuwa akitembea mpaka ufukweni kuokota makombe, na kila aliyekwenda Mnazi Bay alimwagiza amletee kombe asilolijua. Mvua zilipokaribia tena, alifunika cherehani yake akaja kijijini.

"Mpwa wangu," akaniambia, "dada yangu hana sumu. Basi sumu iko porini, na kilicho porini hutafutwa porini."

Tulizunguka msimu ule mpaka watu wakatuona wendawazimu. Kwanza tulikosea sana. Tuliamini rangi, na rangi ilitudanganya. Mvua kubwa ikinyesha, uyoga wenye magamba husuuzwa ukawa laini, wenye pete hudondosha pete yake, na wote ukafanana. Mjomba akaacha kabisa kuuliza habari za rangi. Nikimletea uyoga alikuwa akisema, "Nionyeshe mguu." Kwa hiyo tukachimba kila kitu, kama mama.

Na tukatandaza vitambaa. Hilo alilijua kwa bahati mbaya. Aliwahi kusahau uyoga juu ya kanzu ya mteja, na kesho yake kanzu ikawa na duara la vumbi ambalo halikutoka kwa sabuni, na mteja alimtukana mpaka majirani wakatoka nje. Mjomba hakushughulika na matusi, alishughulika na vumbi. Akagundua kwamba kila uyoga, ukilazwa kifudifudi na kufunikwa bakuli, siku ya pili huacha unga wa rangi yake. Kwa hiyo alikuja na mabaki ya vitambaa vya kanzu, vyeupe, tukawa tunavitandaza chini ya kitanda changu.

Hivyo ndivyo tulivyoupata. Pale palipokuwa na vichuguu, mchwa walikuwa hai bado chini ya ardhi, na uyoga wao ulitoka kwenye uwanja ule mtupu kama kawaida: mzizi mrefu, unga wa rangi ya waridi iliyopauka. Lakini kwa kuwa pamekuwa uwanja wenye majani na jua, pakaota na mwingine uliopenda mahali pa wazi. Ni mweupe vilevile, mkubwa vilevile. Mguu wake umevimba chini kama kitunguu na hauna mzizi. Unga wake ni wa kijani, kijani cha ukoga wa mtungi. Ukiukata kwa kisu usawa wa ardhi, umekiacha chini kile ambacho kingekuonya.

"Tutajuaje kama ndio huu uliomlaza mzee?" nikauliza.

Nilipogeuka nilimwona mjomba anatafuna. Alikuwa amemeza kipande cha ukubwa wa ukucha. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshika mkorosho anatapika, na katikati ya kutapika anacheka. "Ndio wenyewe," akasema, akifuta mdomo.

Angekuwa mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi sikutaka hivyo. Nilitaka shangazi ajishike mwenyewe. Katika darasa langu la kisomo alikuwa akikaa benchi la mbele, na tulikuwa tumefikia masomo ya chakula bora. Nikawaambia wanawake kila mmoja alete uyoga ambao angempikia mumewe. Kisha nikamgeukia yeye, nikamsifu kwa sauti niliyoipaka asali.

"Shangazi, hapa bingwa ni wewe. Wenzako watajifunza kwako."

Sifa zilimwingia. Nyumbani kwake uyoga ulikuwa haupikwi tena, mumewe alikuwa ameapa, lakini alikuja na kapu limejaa, umekatwa vizuri, umepangwa. Mjomba akatandaza vitambaa mbele ya darasa na mbele ya balozi wetu wa nyumba kumi, akaulaza wa kila mwanamke kwenye kitambaa chake, akafunika mabakuli. Balozi akaufunga mlango na kuondoka na ufunguo. Akamwomba kila mwenye mume aje naye kesho.

Kesho yake tukafunua. Waridi, waridi, waridi. Tulipofika kwa shangazi, nusu ya kitambaa ilikuwa kijani. Mjomba akasimulia kilichomtokea yeye, kisha akawaongoza mpaka uwanjani, akachimba wa mchwa na wa kijani, akainua mmoja kila mkono, mzizi huku na kitunguu huku.

Mume wa shangazi alikuwa nyuma ya watu, ameegemea fimbo. Akasema taratibu, "Mwaka jana ulikata hapahapa. Ulisema aliotuletea wifi hautoshi, ukaongeza."

"Mbona hukusema?" balozi akamuuliza.

"Hakuna aliyeniuliza. Na mke wangu alikuwa bado anasema."

Shangazi akatazama chini. "Mimi sikujua," akasema.

"Mama naye alisema hajui," nikamjibu mbele ya watu wote. "Ulimwamini?"

Kama aliongeza uyoga ule akausahau, au aliukumbuka akanyamaza, sijui mpaka leo, wala sijali. Nilimwona anafunga khanga yake upya, na nikafurahi. Usiku ule nililala kama mtoto.

Haikupita muda, baba akaenda Mtawanya na jogoo, na dada yake nyuma yake. Nilihakikisha nimetangulia. Mama aliwapokea vizuri mno. Alikuwa ameamka alfajiri kuchimba uyoga mwenyewe, akaupika kwa karanga katika chungu kilekile, akasonga ugali wa muhogo, akawatandikia mkeka barazani, kwenye njia ya watu. Akaonja kwanza yeye, maana mpishi wa uyoga ndiye huonja, kisha akasema, "Karibu, wifi."

Shangazi alitazama bakuli. Aliogopa, mpaka hapo, baada ya vitambaa na yote, aliogopa bado. Majirani walikuwa wakipita na kusalimia. Akamega tonge, akachovya, akala. Nilimtazama kila alipotafuna. Nilichokiomba mwaka mzima kilikuwa mbele yangu, na kilikuwa kitamu kuliko nilivyodhani.

Baba alikula sana. Alipomaliza alimgeukia mjomba, kwa kuwa babu alikwisha kufariki na mjomba ndiye angekuwa walii wa ndoa mpya. "Shemeji," akasema, "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Nimegundua kwamba maneno hayo husemwa na yule ambaye hakuumwa.

"Muulize mwenyewe," mjomba akajibu.

Mama alikuwa anawanawisha. Alimmiminia baba maji, akammiminia shangazi, akawapa kitambaa cha kufutia mikono.

"Mmeshiba?" akauliza.

"Alhamdulillahi," wakajibu.

"Chungu changu kina sumu?"

Baba akacheka kidogo, kwa aibu. "Hakina."

"Wifi?"

"Hakina," shangazi akasema.

"Basi mmejua," mama akasema. "Nilitaka mjue, ili muwe mnakijua mnachokikosa. Hamtakula humu tena."

Akaokota bakuli, akaingia ndani. Baba alibaki amekaa, akisubiri atoke. Mjomba akamfungulia jogoo wake kamba, akamkabidhi mkononi.

Mimi nilidhani nimelipiza. Nilikuwa nimeaibisha mtu siku mbili tu. Mama alifanya ya maisha. Baba alirudi kijijini, akala kwa dada yake mpaka mwisho wa umri wake, na dada yake hata baada ya siku ile hakuthubutu kupika uyoga. Kila mvua za kwanza, nikitoka Mtawanya kumsalimia mama, baba alikuwa akinisubiri kwenye kizingiti. Alianza kwa kuuliza kama mama hajambo. Kisha, akitazama pembeni, aliuliza kama mwaka huu uyoga umetoka.

Nilimwambia umetoka, tena mwingi. Nikakaa chini, nikamweleza ulivyopikwa, taratibu, bila kuacha kitu.