Siku Sebule ya Zamda Ilipokaa Kimya

Mtaa mzima wa Mtendeni unajua: saa kumi alasiri usimtafute mwanamke nyumbani kwake, mtafute kwa Zamda. Huko ndiko kwenye luninga kubwa, na king'amuzi kilicholipiwa, na Ratna.

Ratna ni yule mke wa kwenye tamthilia ya Kiindonesia, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Jakarta huko, nyumba ya ghorofa, ushungi wa hariri, na mume anaitwa Bagas ambaye, Mungu anisamehe, ningekutana naye stendi ningemzaba kibao. Bagas alikuwa na lake jambo na Melati, msichana wa jirani.

Zamda alizipenda hizi kuliko zote. Za Kituruki, mke akisalitiwa anatafuta bastola. Za Kifilipino anapanda ndege, anarudi tajiri na jina jipya. "Hawa Waindonesia ni watu kama sisi," alisema. "Wanakula wali kwa mkono, na mke akilia anaambiwa asubiri, mume ana ruhusa ya kuongeza wa pili."

Mwenyewe alikuwa mkaanga vitumbua. Aliolewa na Lukumani, fundi cherehani, tangu fundi ana mashine moja ya kuazima na Zamda ndiye mshona vifungo wake. Wakasomesha watoto, Nasri na wadogo zake, nao wakaondoka. Mwaka huu Lukumani akaleta luninga ile bila kuombwa, na Zamda akatamba nayo mtaa mzima. Nani asingetamba?

Basi sebule ile ilikuwa na kelele, jamani! "Ratna, shika simu yake uangalie, mjinga wewe!" "Mwone Melati na macho yake makavu!" Apolinaria, jirani aliyeolewa mjini kutoka kijijini Kigwa, alikuwa akisimama kabisa na kuinyooshea luninga kidole. Na Hafsa, binti wa nyumba ya pili aliyeachika akarudi kwa mama yake, alikaa mkekani ubavuni kwa Zamda, akimtukana Melati kuliko wote.

Siku hiyo Bagas alikwenda kumwoa Melati kwa siri. Ameketi mbele ya shehe, mkono kwa mkono, na huku Ratna yuko jikoni anampikia. Zamda akaweka chupa ya chai chini, akangoja kelele.

Kimya.

"He! Leo mmekula nini?" akacheka. "Mtukaneni basi!" Akapiga kelele mwenyewe, "Mbwa wee!", na sauti yake ikabaki peke yake sebuleni. Apolinaria alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Wengine macho yalikwenda kwa Hafsa, yakarudi kwa Zamda, yakaenda tena kwa Hafsa. Hafsa alikuwa amejifunika ushungi mdomoni, analia.

Zamda akamgeukia Apolinaria. "Lini?"

"Ijumaa iliyopita, mama Nasri. Tulidhani unajua. Tulipogundua hujui, pilau ya ndoa yao tulikuwa tumeshakula."

Ijumaa hiyo Lukumani alisema anakwenda Nzega kufuata vitambaa.

"Dada," Hafsa akasema, "nilitaka nikwambie mwenyewe. Kila siku nakuja nikisema leo namwambia. Halafu tamthilia inaanza."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Zamda alitaka kumrukia. Halafu? Aende kwa shehe? Shehe atamuuliza, anakulisha? Anakuvisha? Na jibu ni ndiyo. Aende kwa kaka zake kijijini Ziba? Watamchinjia kuku, watamsindikiza arudi kwa mumewe. Iliuma, iliuma sana, na hapakuwa na mlango hata mmoja wa kwenda kugonga. Kwenye luninga Ratna naye akapata habari, uso wake ukasogezwa karibu mara tatu na ngurumo juu yake, na wanawake wale, kama waliofunguliwa kamba, wakaangua kilio. "Maskini Ratna! Maskini mtoto wa watu!" Zamda akabaki anawatazama.

Magharibi Lukumani akarudi. Akavua kofia, akakaa.

"Umeambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Basi vizuri," akasema, akaomba maji ya kunywa. Zamda akamletea.

Kesho yake saa kumi alitaka kufunga mlango. Lakini akifunga, mtaa utasema amelia, na akiacha wazi utasema hana haya. Akauacha wazi. Wakaja wote, wakaketi wakiogopa hata kupiga chafya. Mwisho akaja Hafsa, akasimama mlangoni na khanga mpya, hajui akae wapi. Hakuna aliyesogea. Muziki wa tamthilia ukaanza.

Zamda alikuwa na maneno ya kumwambia. Ameyapanga tangu alfajiri, mbele ya kikaango. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni kile anachowaambia wote kila siku.

"Karibu ndani, unatuzibia."

Akamsogezea mkeka.