Msiba wa mzungu umefika kwetu Sydenham

Jamani, leo nyumbani iko msiba na marehemu hatumjui!

Mnajua kazi yangu, kutafutia Wamarekani mababu zao mtandaoni.
Leo niko kwenye video na mzee mmoja, nikamwambia tumempata babu yake, yule wa kwanza wa ukoo kuhamia Amerika.
Alikufa kwa njaa, majira yake ya kwanza ya baridi huko.



Nyuma yangu mama anachambua sombe, majani ya muhogo. Kiingereza chake ni kidogo, lakini babu na kifo anavijua.
Akatupa sombe, akaketi chini, akapiga yowe!

"Maman, acha! Alikufa zamani sana, miaka mia nne huko!"

"Na nani alimulilia?"

Eish.
Kwa aibu nikamtafsiria mzee.

"Hakuna," akasema. "Mke na watoto walikuwa bado Uingereza, wanamsubiri."
Kisha mzee mzima akaanza kulia.

Mama akajibu kwa Kiswahili tu: "Kufa ugenini, mtoto wangu. Pole."

Sasa wamama wa kanisa wameshaitwa, kesho wanakuja kuimba.
Mzee ameniuliza saa ngapi, naye awaite watoto wake kwenye video.

Nyie, chai nipike ya watu wangapi?